Kabla Hujapiga Magoti: Ushauri kwa Wanaojifunza Kucheza Kimisri

Kina dada wengi wanaokuja kujifunza dansi ya Kimisri huwa na swali moja tu, chini tunaenda lini? Washaona video mtandaoni, mchezaji kapiga magoti, mgongo kaulaza nyuma mpaka nywele zinafagia sakafu, alafu anainuka taratibu huku kiuno kinatetema na ukumbi mzima unapiga kelele. Nawaelewa kabisa, inavutia. Lakini mi nimeishi Cairo miaka kadhaa, mtaa wa Shubra, kwenye ghorofa za watu wa kawaida, nimealikwa harusi, usiku wa hina, subuu za watoto, yaani sherehe za siku ya saba ya mtoto, na sherehe za kufaulu mitihani, na nilichokiona ni kwamba kwenda chini kule kuna adabu zake na mahali pake. Sa naandika kwa kirefu ili mtu akiniuliza tena nimtumie hii.

Anza na mahali penyewe wanapochezea. Sebule ya ghorofa ya Shubra ni ndogo, makochi yamesukumwa ukutani, meza ya chai imeondolewa, watu ishirini na kitu wamejazana humo na watoto wanapita katikati ya miguu, na pale kati panabaki nafasi ya mtu mmoja au wawili, basi. Anayecheza anacheza palepale aliposimama, hatua fupi, mikono karibu na mwili, kazi yote ipo kiunoni na tumboni na kidogo mabegani. Wengine wanapiga makofi, anachoka, anamvuta mwengine kwa mkono aingie, yeye anatoka. Hapo ukijitupa chini na kujilaza utakuwa umewafukuza watu wanne kwenye nafasi zao na hakuna atakayekuona isipokuwa walio mstari wa mbele. Alafu sakafu yenyewe ni ya vigae, viatu vimepita, nguo ni ile ya sherehe, na humo ndani kuna shemeji za watu na wakwe na bibi mzaa bibi. Kwa hiyo dansi ya kijamii ya Misri, ile wanayoiita baladi, ni dansi ya kusimama, na ilikuwa hivyo kwa sababu za maisha kabla hata ya kufika kwenye mambo ya staili.

Lakini kusimama kwao sio kuelea, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tukijifunza kwa video. Mchezaji wa baladi uzito wake wote ameushusha, magoti yamelegea, nyayo zimekaa bapa au kisigino kimenyanyuka kidogo tu, nyonga zinaanguka kwenda chini pamoja na ile "dum", mlio mzito wa tabla, ngoma yao ya mkono, hazirushwi juu; mlio mwembamba ndio "tak". Sikiliza mdundo wanaouita masmudi saghiri, unaanza dum dum tak, alafu dum tak. Zile dum mbili za mwanzo ndizo zinakuvuta kuelekea ardhini. Mtu akizisikia vizuri anaonekana mzito hata kama ana kilo arobaini na tano, na Wamisri wanampenda mchezaji mzito, aliyetulia, asiye na haraka. Kabla hujajifunza kupiga goti hata moja, jifunze kuanguka na dum ukiwa umesimama. Mi wanafunzi wangu wanakaa kwenye hili muda mrefu mpaka wengine wananuna, na sitaharakisha.

Nikupe picha moja. Usiku wa hina wa binti wa jirani yetu, wanawake watupu, mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kwenye kochi muda wote anakula lib, zile mbegu za kutafuna, hashughuliki na mtu. Muziki ulikuwa wa spika tu. Ikafika ile sehemu ambapo akodiani inapiga peke yake, taratibu, bila ngoma, inalia inanyamaza inalia tena, yule mama akaweka lib pembeni, akaomba mtandio wa mtu, akajifunga kiunoni juu ya galabia, ile kanzu yao ndefu, akasimama. Hakufanya chochote kwa muda, kasimama tu anasikiliza, mkono mmoja umeshika upande wa kichwa. Ngoma ilipoingia, akaanza kushuka. Kiuno kinatetema kwa udogo sana, magoti yanakunjika kidogokidogo, mgongo umenyooka wima, uso umetulia, akashuka mpaka karibu na sakafu lakini goti halikugusa, akakaa pale vipimo kadhaa vya muziki, alafu akapanda kwa mwendo uleule aliotumia kushukia. Vigelegele vilivyopigwa hapo! Maana Wamisri wanapiga vigelegele kama sisi wa pwani. Kisha akafungua mtandio, akamrudishia mwenyewe, akarudi kwenye lib zake.

Hiyo ndiyo kwenda chini kwa dansi ya nyumbani ninayoijua mimi. Angalia vitu vitatu alivyokuwa navyo yule mama. Muziki ndio uliomshusha, hakushuka kwa sababu zamu ya kushuka imefika. Waliokuwepo ni wanawake wenzake wanaomjua. Na alikuwa na nguvu za mapaja, maana kushuka hivyo polepole bila kushika kitu, jaribu sasa hivi hapo ulipo uone.

Sa zile za magoti na kulala zimetoka wapi? Zipo Misri, tena za asili kabisa, ila ni za wachezaji wa kazi. Kuna shamadani, kile kinara cha mishumaa mingi kinachobebwa kichwani kwenye zaffa, yaani maandamano ya kumsindikiza bi harusi. Shafiqa al-Qibtiyya, mchezaji aliyetamba Cairo zama za mwisho wa karne ya 19, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha kuibeba, na wachezaji wa Mtaa wa Mohamed Ali pale Cairo, ambao ndio ulikuwa mtaa wa wanamuziki na wachezaji wa harusi, wakaifanya kuwa yao. Mchezaji anafika mbele ya maharusi, anashuka kwa magoti, anajilaza ubavu, wengine wanapasua miguu mpaka chini, na kinara kipo kichwani mishumaa inawaka haitikisiki. Nadia Hamdi anajulikana sana kwa hilo, mtafute umwangalie shingo yake. Maana ya kwenda chini hapo ni ufundi, ni kuwaonyesha watu kwamba mwili wote unaweza kuzunguka chini na kichwa kikabaki palepale. Anayetazama anashika pumzi kwa ajili ya moto, hafikirii kitu chengine.

Hawa wa kazi walikuwa na historia yao ndefu na sio yote ya raha. Ghawazi, wale wanawake waliocheza hadharani mitaani na kwenye sherehe, Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri wakati huo, aliwafukuza Cairo mwaka 1834, wakapelekwa kusini, Esna, Qena, Aswan huko. Ndio maana mpaka karne ya 20 staili yao unaikuta Luxor, hukohuko kusini, kwa familia ya wachezaji ya Banat Mazin, wanacheza kwa mizmari, yaani zumari, na rababa, aina ya fidla, wameshika matoazi madogo ya vidoleni, kiuno kinakwenda upande kwa upande hakipumziki. Alafu mwaka 1926 Badia Masabni akafungua ukumbi wake Cairo, dansi ikapanda stejini, ikapata nafasi ya kutembea, mikono ikafunguka, ndipo wakatoka kina Tahia Carioca na Samia Gamal, na sinema zikawasambaza. Naima Akef alitoka familia ya sarakasi kwa hiyo mwili wake uliweza mambo ambayo wengine hawakuyaweza. Ukiangalia filamu zao wakifanya ya chini, kumbuka unaangalia steji na kamera, huangalii sebule ya Shubra.

Na hata stejini kulikuja mipaka. Enzi za Rais Nasser serikali iliweka masharti kwa wachezaji wa kulipwa, tumbo lifunikwe hata kama ni kwa kitambaa cha wavu, na mambo ya kujilaza sakafuni yakakatazwa. Mahmoud Reda naye, alipoanzisha kundi lake mwaka 1959 na Farida Fahmy akiwa mchezaji wake mkuu, alizichukua ngoma za mikoani akazisafisha kwa ajili ya kumbi za heshima, za familia, na wengi wanaofundisha leo wamepitia kwenye njia yake. Sa ukijumlisha hayo utaelewa kwa nini mwalimu wa Cairo akikuona umekimbilia chini anakunja uso. Sio kwamba hajui kushuka.

Ile nyengine ya kujirusha kwa mgongo ghafla, pwaa, ambayo wachezaji wa Marekani wanaiita ya Kituruki, usiiweke kwenye baladi hata kidogo. Inaumiza, na haina nyumba hapo. Upanga kichwani pia ni mambo yaliyokua zaidi Marekani, ukitaka kuyacheza yacheze, ila usimwambie mtu kwamba ndivyo wanavyocheza harusini Misri.

Nije kwetu sasa, maana hili nalisema kwa mapenzi. Sisi wanawake wa pwani, Mombasa, Lamu, Tanga, Unguja, kiuno tunacho, chakacha tumekulia, na wengi tumechezwa unyago au tumesikia habari zake, na kwenye unyago mambo ya kushuka mkekani yapo, yanafundishwa, yana kazi yake ya kumuandaa mwari kwa ndoa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili akiambiwa shuka, anashuka na anashuka vizuri, lakini anashuka na maana ya mkekani. Mbele ya Wamisri, tena kama wanaume wa familia wapo, maana hiyo inasomeka vile ilivyo na mwenyeji wako ndiye anabaki na aibu. Ukialikwa sherehe ya Kimisri, ya mkekani yaache nyumbani. Kiuno chako kinatosha kabisa, utashangaa watakavyokupenda, nimeona kina mama wa Kimisri wakiwafuata wasichana wetu kuwauliza hiki mmejifunzia wapi.

Kama upo kwenye kundi la wanawake na umefikia hatua ya kutaka kushuka kweli, ninavyofundisha ni hivi. Galabia yako ishike upande kwa vidole viwili, ivute mbele kidogo kabla goti halijafika chini, kwa sababu ukipiga goti juu ya upindo wa nguo, ukija kuinuka nguo inakukaba na unadondoka mbele za watu. Mguu mmoja unarudi nyuma, vidole vimekunjwa vimeshika sakafu, uzito unabaki paja la mbele, goti la nyuma linawekwa, haliangushwi. Usiangalie chini, ukiangalia chini na watu wote wataangalia chini. Mkono usiguse sakafu kushuka wala kupanda, kama unauhitaji basi mapaja bado, rudi kwenye mazoezi. Mgongo ukilazwa nyuma, tumbo lishikilie, shingo isidondoke kama imevunjika. Kuinuka ni kwa paja la mbele na vidole vya nyuma vinasukuma. Vaa pedi za magoti ndani ya suruali ya kubana, chini ya galabia hazionekani, na hii usiichukulie poa, magoti yakiharibika hayarudi. Mwenye tatizo la goti au mgongo, au mjamzito, acha kabisa, cheza umesimama.

Na muda. Ukishuka usikae huko wimbo mzima. Kwenye baladi ya taratibu muziki unaanza na akodiani peke yake, ngoma zinaingia kwa kuulizana na kujibizana, alafu mwendo unashika kasi. Pa kushuka ni pale mwanzoni, kwenye huzuni ya akodiani au ngoma inapoanza kujibu, na mwendo ukishika kasi uwe ushasimama. Mtu anayebaki chini wakati tabla inakimbia anaonekana ameachwa na basi.

Vijana wa mahraganat, ule muziki wa mitaani wa siku hizi, ni habari nyengine, hao wavulana wanacheza barabarani kwenye harusi za mtaani, wanaruka, wanajitupa chini, wanazunguka, wengine na visu mkononi, miguu yao sijui imeundwa na nini. Ni dansi ya kijamii ya Misri hiyo pia, ya leo, na naipenda kuitazama nikiwa mbali kidogo. Dada usiingie kwenye duara hilo.

La mwisho ni kuhusu kuingia na kutoka. Usiingie katikati mpaka uvutwe. Ukivutwa, kataa mara moja kwa tabasamu, akikuvuta tena ingia, usiwasumbue watu kukubembeleza. Mtazame aliyekuvuta, cheza naye, jibu anachofanya, maana wengi wanacheza wawili wawili wakitaniana kwa mabega na nyonga. Yeye akishuka kidogo, nawe shuka kidogo, usishuke kumzidi, hasa kama ni mama wa bi harusi au mtu mzima wa nyumba. Wimbo ukikaribia kuisha mvute mwengine, ikiwezekana yule msichana mwenye haya aliyejificha mlangoni, na wewe rudi ukapige makofi.