Taa ya breki inawaka mchana, usiku trafiki anasema haiwaki

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina gari ndogo ya Kijapani, otomatiki. Mwezi uliopita trafiki alinisimamisha Kibaha akaniambia taa ya breki ya kulia haiwaki, nikaandikiwa faini. Kesho yake fundi wa mtaani akabadilisha balbu, nikakanyaga breki, yeye akiwa nyuma akasema inawaka. Nikamlipa. Juzi natoka zamu ya usiku nimesimamishwa tena, taa ile ile. Nakaa peke yangu, sina mtu wa kumwita asimame nyuma ya gari kila mara. Nitajuaje kama taa zangu zinafanya kazi? Na huyu fundi alinidanganya?

JIBU: Salama dada, na pole sana kwa usumbufu. Sidhani kama alikudanganya. Alikagua nusu. Alikagua mchana, taa nyingine zote zikiwa zimezimwa, na wewe unaendesha usiku zikiwa zimewashwa. Hizo ni hali mbili tofauti, na taa inaweza kufaulu moja ikafeli nyingine.

Magari mengi ya aina yako hutumia balbu moja kwa kazi mbili pale nyuma. Ukiitoa ukaiangalia kwenye mwanga utaona nyuzi mbili ndani ya kioo. Uzi mwembamba ni wa wati 5, huo unawaka ukiwasha taa za usiku. Uzi mnene ni wa wati 21, huo ni wa breki. Kwenye chuma cha kitako huandikwa 12V 21/5W. Dereva aliye nyuma yako usiku anaona wekundu hafifu muda wote, ukikanyaga breki wekundu unaruka ghafla kuwa mkali. Kile kinachomwamsha ni ule mruko. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mruko usipoonekana, hali ni mbaya.

Sasa tazama kitako cha hiyo balbu. Kuna vijipini viwili pembeni, kimoja kimekaa juu kidogo kuliko kingine. Vimewekwa hivyo makusudi ili balbu iingie upande mmoja tu. Lakini holda, yaani tundu linaloshika balbu, ikiwa imechoka, mtu akisukuma kwa nguvu, inaingia hata kinyume. Ikiingia kinyume, uzi wa wati 21 unawaka na taa za usiku, na ule wa wati 5 ndio unaopokea breki. Mchana kwenye kivuli utasema imewaka, maana kweli kuna wekundu. Usiku upande huo unawaka mkali muda wote, na ukikanyaga hakuna kinachobadilika. Trafiki akisema haiwaki, yuko sahihi. Kwa maelezo yako, hapo ndipo ningeanza kutafuta.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni kuwekewa balbu ya uzi mmoja mahali pa nyuzi mbili. Kitako chake kina kitone kimoja cha risasi chini badala ya viwili, na kitone hicho kinagusa njia zote mbili za umeme kwa pamoja. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: taa zimezimwa zote, unakanyaga breki, mara taa ya namba na taa za dashibodi zinawaka. Ukiona hivyo usitafute mbali.

La tatu ni ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Sisi wa pwani chumvi ya hewani inatuletea kutu ya kijani kwenye holda na kwenye skrubu ya ethi. Taa ya wati 5 inaweza kupita kwenye kutu hiyo, lakini ukiongeza 21 njia inakuwa nyembamba. Utaona ukikanyaga breki taa ya upande huo inafifia badala ya kukolea, au indiketa inacheza pamoja nayo. Hapo balbu mpya haisaidii. Ni kusugua kwa msasa laini na kukaza skrubu.

Kukagua peke yako ni rahisi. Usiku, rudisha gari nyuma mpaka ibaki kama mita moja kutoka ukutani, weka P, vuta handbreki, zima injini. Taa zikiwa zimezimwa, kanyaga breki ukitazama vioo: ukuta uwe mwekundu kulia na kushoto sawasawa, na taa ya tatu ya juu utaiona kwenye kioo cha nyuma. Kisha washa taa za usiku, kanyaga tena, achia, kanyaga. Hii ya pili ndiyo muhimu kwako. Kila upande lazima uruke, na pande zote mbili zilingane.

Kama huna ukuta, simamisha simu nyuma ya gari, iegemeze kwenye jiwe, irekodi video huku ukisema kwa sauti "nimekanyaga, nimeachia". Wengine hubana pedali kwa mpini wa fagio kati yake na kiti kisha wanazunguka kutazama. Njia hiyo inafaa, ila injini iwe imezimwa, na usisahau kuutoa, kwani kwenye magari mengi taa hizi huwaka hata bila ufunguo na zitamaliza betri.

Siku taa zote tatu zikikataa kwa pamoja, balbu haihusiki. Angalia fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedali ya breki. Kwenye otomatiki swichi hiyo ikifa, mara nyingi gia nayo inagoma kutoka P. Na zikigoma kuzima hata ukiachia, inama chini ya usukani utafute vipande vya plastiki kwenye kapeti. Kuna kidude kidogo kinachoisukuma hiyo swichi, kikizeeka kinasagika kama biskuti, na gari linabaki na breki zinazowaka kutwa nzima. Kidude chenyewe ni bei ndogo.

Jambo moja nakuomba kama ndugu: usikubali kufungiwa zile taa za breki zinazomwekamweka. Zinachanganya na indiketa, na aliye nyuma haelewi kama umesimama au unakata kona.

Mpaka itengenezwe, usiipeleke barabara kuu usiku. Mpelekee fundi yule yule, mwambie atoe balbu mbele yako, muangalie vijipini na kitako pamoja. Ikiwa sahihi inaingia kwa kusukuma kidogo na kuzungusha, bila kulazimisha. Halafu kabla hujamlipa, mwambie awashe taa za usiku, ndipo ukanyage.