Maswali ya Wasomaji: Audacity inapobadilisha sura

Swali: Ndugu Fundi Sauti, narekodi kwaya hapa Ujiji kwa Audacity 2.4.2, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Vijana wananihimiza nihamie toleo jipya. Kazi zangu za miaka yote zitafunguka? Nasikia pia ile zana ya kusogeza sauti imeondolewa. – *Fundi wa kwaya, Ujiji*

Jibu: Zitafunguka katika matoleo ya 3, ila safari ni ya kwenda tu. Kabla ya toleo 3.0 la Machi 2021, kazi moja ilikuwa faili ya .aup pamoja na folda ya vipande vya sauti yenye jina linaloishia _data. Ukibeba faili ukaacha folda, umebeba ganda tupu. Tangu 3.0 vyote vimo ndani ya faili moja ya .aup3. Fungua ile ya zamani, ihifadhi, nayo itakuwa .aup3, ya kwanza haiguswi. Lakini 2.4.2 haisomi .aup3 kabisa, kwa hiyo usifute asili.

Pima nafasi mapema. Traki moja ya mono (chaneli moja) kwa 44,100 Hz (vipimo vya sauti kwa sekunde) na biti 32 hula takriban MB 10.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 8 ni kama MB 420, na kila kazi utakayobadilisha inahitaji nafasi hiyo upya.

Usiondoe toleo la zamani siku ya kwanza. Kwenye Windows, pakua toleo jipya la zip, lifungue katika folda yake, kisha kando ya Audacity.exe tengeneza folda tupu iitwayo Portable Settings. Mipangilio yake itakaa humo, na matoleo mawili hayatagombana.

Zana uliyoizoea iliondolewa katika 3.1. Sasa shika ukanda wa juu wa klipu (kipande cha sauti kwenye traki) uvute. Ukivuta ncha za klipu unaipunguza, lakini kilichopunguzwa kimefichwa tu, hakijafutwa. Hapa wengi wanaumia: ukimpa mtu faili ya .aup3, anaweza kuvuta ncha akasikia maneno uliyodhani umeyakata. Mpe faili ya WAV, yenye sauti iliyokamilika tu.

Maikrofoni ya USB usipoiona, ujue orodha ya vifaa ilihamia kitufe cha Audio Setup katika 3.2. Ukiichomeka programu ikiwa wazi, bofya humo Rescan Audio Devices. Na kwa kuwa umeme hukatika: kazi ikiwa wazi, kando ya .aup3 huonekana faili inayoishia -wal. Humo mna mabadiliko ya karibuni. Baada ya umeme kukatika usiifute. Fungua programu kwanza irejeshe kazi. Usinakili kwenye flashi kabla ya kufunga kazi.

Swali: Skrini nyeupe inaniumiza macho usiku. – *Msomaji, Nzega*

Jibu: Edit, Preferences, Interface, kisha Theme, chagua Dark.

Swali: Nasomea programu. Nasikia toleo la 4 la Audacity linajengwa upya. Kwa nini wasibadilishe tu rangi na aikoni? Kuna haja gani ya kujenga upya? – *Mwanafunzi, Kasulu*

Jibu: Kwa sababu sura imeshikana na mifupa. Audacity ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikachorwa kwa wxWidgets, maktaba ya kuchora madirisha na vitufe. Aikoni zake zilikaa ndani ya picha moja ya PNG kwa pikseli zilizopangwa. Kwenye skrini zenye pikseli nyingi huonekana ndogo au zenye ukungu. Kampuni ya Muse Group ilipoichukua mwaka 2021, iligawa msimbo katika maktaba ndogo ndogo kwanza. Toleo la 4 linajengwa juu ya Qt, maktaba nyingine ya kuchora sura, kwa msingi uleule wa MuseScore, programu yao ya kuandika nota za muziki.

Ukitaka kufanya kazi ya namna hii, usianze na rangi. Jiulize: je, naweza kukata sauti kwa msimbo bila kufungua dirisha lolote? Kama huwezi, injini na sura bado hazijatengana, na kila kitufe kipya kitakuvunjia kitu ndani.

Angalia pia muda. Kwa 44,100 Hz, bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 512, yaani vipimo 512 vya sauti, inakupa milisekunde 11.6. Uzi wa sauti (mkondo wa kazi ndani ya programu) ukisubiri uzi wa kuchora hata kidogo zaidi ya hapo, msikilizaji anasikia mikwaruzo. Usiruhusu kamwe uchoraji ufunge kufuli (kizuizi cha kuzuia nyuzi mbili kugusa data moja) ambalo sauti inalihitaji.

Kuchora wimbi nako kuna hesabu yake. Saa moja ya mono ni sampuli 158,760,000. Kwenye skrini ya pikseli 1,366, kila pikseli inabeba zaidi ya sampuli laki moja. Audacity huweka muhtasari wa kila sampuli 256 na kila sampuli 65,536: ya chini kabisa, ya juu kabisa na wastani wa nguvu. Mchoro husoma muhtasari, si sauti nzima. Ukiandika sura mpya bila kutumia muhtasari huo, itapendeza kwa klipu ya sekunde kumi na kuganda kwa mahubiri ya saa moja.

Swali: Nafundisha vijana wasioona kurekodi vipindi. Sura mpya itawaacha? – *Mwalimu, Tabora*

Jibu: Mwalimu, swali lako ndilo zito kuliko yote. Vitufe vya mfumo wa kompyuta wenyewe hujitambulisha kwa kisoma skrini kama NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Kitufe kilichochorwa upya hukaa kimya mpaka mtengenezaji akipe jina, aina na hali yake. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha darasa, jaribu wewe mwenyewe ukiwa umezima skrini: R kurekodi, Space kucheza na kusimamisha, Ctrl+B kuweka lebo, kisha kuhifadhi na kutoa WAV. Hatua ikikaa kimya, bakieni mlipo na uwaandikie watengenezaji ukitaja toleo la programu, toleo la NVDA na kitufe chenyewe.

Njia zenu za mkato mlizojipangia zihifadhini sasa: Preferences, Shortcuts, Export. Utapata faili ya XML. Iweke mahali pawili.