Panorama ya mteremkoni ikipinda upeo: usiizungushe, rudi kwenye uunganishaji

Mkuu, umesema picha zako ulizopiga mteremkoni zimeungana vizuri kuwa panorama, yaani picha moja pana, ila upeo wa macho unapanda kuelekea kulia, na ukiizungusha panorama ili kuunyoosha, katikati panabaki na nundu. Achana na kuizungusha. Kasoro ilianzia kwenye mhimili ambao kamera iliuzunguka.

Stendi ikisimama kwenye ardhi iliyoinama, watu wengi hunyoosha kamera kwa kichwa cha gololi (kiungo cha mviringo kinachoiruhusu kamera kuinama upande wowote), wakiona pimamaji imetulia wanaanza kupiga. Lakini kwenye vichwa vingi vya aina hiyo sehemu inayozunguka iko chini ya gololi, kwa hiyo inafuata miguu. Picha ya kwanza inatoka sawa. Ukigeuka robo duara kamera imeshalala, kama pia ya kuchezea inayokaribia kuanguka. Zikiunganishwa, upeo unakuwa wimbi. Mhimili ukiinama nyuzi 3, panorama ya duara zima yenye upana wa pikseli 10,000 itakuwa na tofauti ya pikseli kama 167 kati ya sehemu ya juu kabisa ya upeo na ya chini kabisa. Wewe una kipande cha wimbi hilo, ndiyo maana unaona mpando na nundu kwa pamoja. Kuzungusha kunafaa panorama ikiwa nyembamba tu.

Mimi hutumia Hugin, programu ya kuunganisha picha, ni ya bure. Fungua sehemu ya alama za ulinganisho, weka picha ileile kushoto na kulia, kisha tia alama juu na chini ya kitu kilichosimama wima na uiambie programu kuwa huo ni mstari wima. Rudia kwenye picha nyingine iliyo mbali na ya kwanza, ikiwezekana robo duara. Wima mmoja haukutoshi, kwa sababu unaonyesha mlalo wa ubavuni upande huo tu. Halafu, ukikokotoa upya, ruhusu picha ya nanga (ile ambayo nyingine zote hupangwa kwa kuifuata) nayo ibadilishe mwinamo wake wa mbele na wa ubavuni. Hapa ndipo wengi hukwama: nanga ikibaki imefungwa, hakuna kinachonyooka.

Sasa, wima utaupata wapi mlimani? Kona ya nyumba ndiyo bora. Nguzo siziamini sana, na miti ya mteremkoni mara nyingi imepinda shinani. Kama kuna maji yaliyotulia, una bahati: ncha ya kitu chochote na taswira yake inayoakisiwa majini vimepangana wima, hata kitu chenyewe kiwe kimeinama. Tia alama kwenye ncha hizo mbili. Nimeokoa panorama kadhaa kwa njia hii mahali pasipo na jengo hata moja.

Usinyooshe kwa kufuata ukingo wa milima wala ufuo wa ziwa. Ukiwa juu, sehemu ya ufuo iliyo karibu nawe huonekana chini zaidi kuliko iliyo mbali, kwa hiyo ukiulazimisha uwe mstari utapindisha kila kitu kingine. Upeo wa bahari wazi hauna shida hiyo.

Safari nyingine nyoosha miguu yenyewe, miwili ikielekea bondeni na mmoja mlimani, au nunua kitako cha kusawazisha kinachokaa kati ya miguu na kichwa. Ukishasawazisha, geuza kamera robo duara uitazame tena pimamaji kabla ya kupiga. Acha nafasi ya kutosha juu na chini pia, maana kunyoosha wimbi kunakula kingo.

Aliyeuliza kama panorama iliyopigwa kwa simu nayo inaweza kunyooshwa: huna picha mojamoja, lakini unaweza kuiingiza Hugin kama picha moja ya silinda (kana kwamba imekunjuliwa kutoka ukuta wa mviringo), ukakadiria upana wake kwa nyuzi, ukatia mistari wima kama hapo juu. Ukikadiria vibaya upana huo, mkunjo kidogo utabaki. Badilisha namba ujaribu tena.