Nilimlilia mtu aliyepona

Wiki hii mmeuliza ni kitu gani tulikiamini miaka mingi halafu kikaja kuwa siyo kweli. Mimi ni kifo cha Ina Benita.

Huyu alikuwa mwigizaji wa Poland, jina la kuzaliwa Inna Florow-Bułhak, kazaliwa Kyiv 1912. Filamu alianza 1932, vita ikaingia 1939 na kazi ya filamu ikaishia hapo, yaani miaka saba tu basi. Mimi nilimwona kwenye Ludzie Wisły ya 1938, inahusu watu wa mashua za mizigo kwenye mto Vistula, na toka siku hiyo nikawa namtafuta kila mahali.

Wajerumani walipoiteka Warsaw, mji mkuu wa Poland, aliendelea kuigiza kwenye kumbi walizoruhusu wao, na wapiganaji wa chini kwa chini walikuwa wamewakataza wasanii kufanya hivyo, kwa hiyo wengi wakamwita msaliti. Halafu akapendana na afisa wa jeshi la Wajerumani, Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakamkamata wakamfunga gereza la Pawiak, na humo humo gerezani Aprili 1944 akajifungua mtoto wa kiume. Walimtoa tarehe 31 Julai. Kesho yake mji mzima ukalipuka, ndio yale maasi ya Warsaw dhidi ya Wajerumani, ya siku 63.

Sasa hadithi niliyoisoma ilisema alionekana mara ya mwisho akiingia kwenye mitaro ya majitaka chini ya ardhi na kichanga chake, hawakutoka. Mimi siku naisoma mwanangu alikuwa na miezi minne, umri ule ule, shingo ndio kwanza inakaza, nimempakata, nikaanza kuwaza unambebaje gizani maji machafu yamekufika kiunoni, na asilie, maana juu kwenye mifuniko Wajerumani wakisikia sauti wanatupa mabomu ya mkono. Nililia kweli, mume wangu akafikiri nimepata habari ya msiba nyumbani. Na miaka yote hiyo nikipita kwenye chemba iliyo wazi namkumbuka yeye.

Halafu 2018 ikajulikana kwamba alipona! Yeye na mtoto. Alifika Marekani, akaishi kwa jina la Inna Scudder, akafariki 1984 huko Pennsylvania. Nikapiga hesabu, miaka 40 baada ya ile mitaro, na muda wote huo kwao walishamzika.

Kuna wanaomlaumu mpaka leo kwa zile kumbi, na wengine wanasema alikuwa anawasaidia wapiganaji kwa siri. Mimi kwa mwanamke aliyejifungulia gerezani siwezi kunyoosha kidole, samahanini.

Siku ile nilimwita mwanangu, ameshakuwa wa shule, hajui lolote kuhusu Warsaw, nikamwambia yule mtoto alitoka. Akaniuliza, mtoto gani mama? Nikaanza kumsimulia.