Andikeni saa ya damu

Wadogo zangu mlioingia maabara mwezi huu, jana nimefungua sanduku la barafu nikakuta tyubu 11 za zambarau. Namba zipo, tarehe ipo, saa ya kutolewa hakuna. Nawapenda, lakini hili sitalinyamazia.

1. Andika saa na dakika mgonjwa akiwa bado kitini.

Nilipoanza kazi tulikuwa tunatafuta jeni zinazofanya kazi zaidi katika damu ya wenye presha. Wenye presha wengi tuliwapata Likoni, wasio nayo kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri, kwenye maabara yetu. Damu ya kisiwani ilifika maabara ndani ya nusu saa. Ya Likoni ilinisubiri nimalize mtu wa mwisho, ikaja foleni ya feri, kisha tuktuk. Saa nne zilipita, siku nyingine tano, imo ndani ya EDTA, ile dawa ya kwenye tyubu za zambarau. Nilidhani EDTA inatosha. Kumbe kazi yake ni kuzuia damu isigande. Seli nyeupe mle ndani zi hai, zinahisi zimetolewa kwao, na zinawasha jeni za dhiki. Matokeo yalipotoka, FOS na CXCL8, jeni mbili za namna hiyo, zilikuwa juu sana kwa wenye presha. Nilimpigia mama simu usiku ule ule. Miezi minne nikaandika kuhusu uvimbe kwenye mishipa, mpaka mkuu wangu aliponiuliza, "Hizi zilikaa muda gani kabla ya kuingia freeza?" Sikuwa na daftari la kutazama. Nilichokipima kilikuwa foleni ya Likoni. Kuna bibi mmoja alikuja bila kunywa hata chai, akanyoosha mkono akasema, "Chukua mwanangu, isaidie wengine." Damu ile haikumsaidia mtu, na bado namkumbuka kila nikipanda feri.

2. PAXgene, tyubu yenye dawa ya kuhifadhi RNA (nakala ambazo jeni hutoa zikifanya kazi), ijae mililita 2.5 za damu, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi, ikae angalau saa mbili kabla ya freeza. Maelekezo yanaposema joto la chumba, maana yake ni nyuzi 18 hadi 25. Chumba gani cha Mombasa mwezi wa pili kina nyuzi 25 bila AC? Siku moja nilimkuta kijana kaziweka dirishani, jua linazipiga, ananiambia hapa ndipo chumbani. Kweli ni chumbani, mdogo wangu, lakini ziondoe hapo.

3. Presha: dakika tano za kukaa kimya, mkono usawa wa moyo, na uulize kama ametafuna muguka au ametoka kunywa kahawa chungu.

4. Hesabu ya neutrofili na limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe, iende pamoja na kila sampuli, na sigara iulizwe bila haya, maana jeni ya GPR15 hupanda kwa wavutaji.

Zile tyubu 11 RNA hatutaitoa. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, bado inapimika humo, basi tupime hiyo. Aliyezikusanya anione saa nane mchana, twende wote tukawaamkie wale wazee na kuwaomba mkono tena.