Tungule (nyanya) za kuning'iniza: yasome haya kabla hujatundika ndoo

Assalam alaykum wenzangu mnaoanza. Naona siku hizi kila mwenye roshani anataka tungule zinazomwagika kwenye ndoo kama shanga, picha zinavutia kweli sikatai, na mie ndo zilizoniponza. Nakaa ghorofa ya tatu Michenzani, ardhi sina hata ya kufukia kokwa la embe, kwaiyo mtoto wa mama mdogo aliporudi kutoka London na kuniletea pakti ya mbegu imeandikwa Tumbling Tom, aina ya tungule za kuning'inia, nikaona bas, nshapata shamba.

Kosa langu la mwanzo ni kuiamini ile pakti. Nyuma imeandikwa sia ndani kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne, baridi ikisha toa nje, tundika penye jua kali. Mie nikasia mwezi wa tatu kama ilivyosema. Sasa mwezi wa tatu Unguja mnaujua, masika hiyo inabisha hodi. Miche iliota siku ya sita, mizuri, afu mvua zikashika, udongo haukauki, hewa yenyewe imelowa, asubuhi moja nakuta imelala yote kama iliyokatwa, ukitazama pale shina linapoingia udongoni limenywea limekuwa kama uzi, rangi ya chai ya rangi. Pakti haina kosa, mwenye kuandika alimuandikia mtu wa Uingereza ambae mwezi wa tatu bado yumo ndani ya koti. Mjinga mie.

Mara ya pili nikajifanya nimeerevuka, nikasia mwezi wa kumi na mbili vuli ikimalizika. Yakhe, miche ilitoka! Ikamwagika pembeni mwa ndoo, maua ya manjano tele, nikarusha picha mpaka kwa jamaa wa Muscat. Kaskazi ilivyokolea maua yakaanza kupukutika, kila asubuhi nafagia maua sakafuni, tungule nilizovuna ule msimu hazikutosha kachumbari ya watu wawili. Nikatia mbolea, nikapiga dawa niliyoshauriwa dukani, wapi, pesa tu ndo iliyokwenda. Kumbe mche hauna ugonjwa wowote, ni joto, mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 24 hivi chavua inaharibika na ua halishiki. Huwezi kulitibu joto la kaskazi kwa chupa ya dawa.

Kwaiyo siku hizi nasia mwisho wa mwezi wa tano, masika ikikatika, miche naifunika isipigwe na mvua za mwisho mwisho, mwezi wa sita inaingia kwenye ndoo, maua yanakuta kipupwe, na kuanzia mwezi wa nane nakula. Na lile "jua kali" la pakti msilichukue kama lilivyo. Jua la asubuhi mpaka saa sita saa saba linatosha sana, baada ya hapo kivuli, mana ndoo imening'inia hewani inapigwa na joto pande zote. Ndoo nyeusi msitumie kabisa, inapika mizizi, tafuta ndoo nyeupe za rangi za lita 10 kwa mafundi, zioshe vizuri, toboa matundu sita saba chini. Kila ndoo mche mmoja. Najua mtatia miwili, kila mtu anatia miwili mara ya kwanza.

Uzito nao. Ndoo hiyo udongo ukilowa inafika kilo 12 mpaka 15, msitundike kwenye waya wa kuanikia nguo. Muite fundi apige kulabu kwenye zege.

Sasa hili la usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, ndo nataka mlisikilize khasa, mana hamtolikuta kwenye pakti yoyote. Udongo mtupu ni mzito na unashikana, kwaiyo nikataka kuuchanganya na usumba upate kuwa mwepesi na ushike maji. Fikra nzuri. Nikaenda zangu Jambiani kwa shangazi, kule wanawake wanafukia makumbi pwani miezi na miezi mpaka yalainike, wayapige, wasokote kamba. Nikaomba masalio, nikarudi na kipolo kizima, bure! Nikachanganya nusu kwa nusu. Wiki ya pili kingo za majani zikaanza kuungua, zinakuwa kahawia zinakunjika juu, mie nikadhani kiu nikazidisha maji, yanazidi kuungua. Nilipompigia shangazi alicheka mpaka akakohoa: "Mwanangu, makumbi yamelala baharini miezi yote hiyo, ulidhani yananywa sukari?" Chumvi bwana. Ukitumia usumba wa pwani uroweke maji baridi ya bomba, mwaga, roweka tena, mie nafanya hivyo mara nne na mara ya mwisho naonja yale maji kwa ncha ya ulimi, yakiwa na chumvi bado naendelea. Au tumia makumbi makavu ya nazi za nyumbani uyachambue, hayo hayakulala baharini. Mchanganyiko wangu sasa ni udongo sehemu mbili, usumba moja, samadi ya ng'ombe iliyooza moja. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza.

Maji ndo kazi yenyewe. Mche wa shambani ukikosa maji juu unashuka chini kuyatafuta, wa ndooni hauna pa kwenda, umekaa unakungoja wewe. Kipupwe namwagia asubuhi tu, ila upepo wa kusi ukivuma sana naongeza jioni, huo upepo unakausha kuliko jua. Kujua kama una kiu usitazame juu ya udongo, inua ndoo kidogo kwa kiganja kutokea chini, ukizoea uzito utajua tu. Na ukiusahau ukakauka kabisa, udongo unajikunja unaachana na ndoo, ukimwagia maji yanapita pembeni yanatoka chini unadhani umenywesha kumbe mizizi mikavu. Hapo iteremshe, itie kwenye beseni la maji nusu saa inywe yenyewe. Afu wekeni kopo la kukinga matone, jirani yangu wa chini alipanda ngazi zote na shuka lake mkononi lina madoa ya samadi, hakusema kitu, alinionesha tu.

Tungule ikitoka doa jeusi limebonyea kwenye kitako, watu watakwambia saga maganda ya mayai. Mie nimesaga sana. Mara nyingi chokaa, hiyo inayotafutwa kwenye maganda, imo udongoni, shida ni maji ya leo tele kesho hakuna, haiwahi kufika kwenye tunda, na maganda yanachukua muda mrefu kuoza. Panga maji vizuri, zinazofuata zitatoka safi.

Aina hii ya kuning'inia maotea ya pembeni hayakatwi, hizo ndefu za shambani zinazofungwa mti ndo zinapogolewa. Mie mwaka ule wa kaskazi nilikuwa nayakata kwa bidii, yaani nakata matawi ya kuzaa kwa mkono wangu. Maua yakifunguka tikisa ndoo taratibu mida ya saa nne asubuhi chavua idondoke. Tunda zikishaanza kufunga, mbolea ya maji yenye potashi kila wiki, nyepesi.

Wadudu wapo lakini huku juu nimewaona kidogo, inzi weupe chini ya majani nawaosha kwa maji ya sabuni. Adui wangu ni kunguru. Anangoja ikiwa nyekundu kamili siku ile ile uliyopanga kuchuma wewe, anatoboa moja, anaacha, anatoboa ya pili. Chuma ikianza kugeuka rangi, iweke jikoni itaiva. Au funika kwa chandarua kikuukuu, ila kifunge na chini, mana kuna mmoja kwangu kashajua kuingilia kwa chini.