Safari za Kutafuta Ufundi: Maswali Yenu

SWALI: Mhariri, nataka kwenda Uganda mwezi Januari kuona nguo ya magome ikitengenezwa, na nikimpata fundi mwenyewe ninunue kwake. Nianzie wapi? Msomaji, Umoja.

JIBU: Anza kwa kuahirisha. Januari ni kiangazi kule Buganda, ufalme wa kati mwa Uganda, na gome la mutuba, mti unaotoa nguo hii, halibanduki vyema mti ukiwa mkavu. Huvunwa wakati wa mvua. Ukienda Januari utauziwa nguo iliyokwisha kutengenezwa, lakini kazi hutaiona, nayo kazi ndiyo ya kuifuata. Nenda Aprili au Oktoba.

Mkenya mtu mzima huvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, maana cheti hakihesabiki mapema zaidi. Badilisha pesa dukani mchana, si kwa vijana wa mpakani usiku basi linapotua.

Kampala usikae sana. Endelea hadi Masaka, takribani kilomita 130 kusini-magharibi. Huko ni Buddu, eneo lenye sifa ya magome mazuri tangu kale. Ukoo wa Ngonge ndio uliowatengenezea Makabaka, wafalme wa Buganda, nguo hizi, ukiongozwa na fundi mkuu wa kurithi aitwaye kaboggoza. Ulizia mafundi wa upande wa Bukomansimbi, na ufike asubuhi, kwani gome likishabanduliwa halingoji kesho. Ukimkuta fundi kazini mwambie "Gyebale ko, ssebo." Ni sawa na sisi kusema pole na kazi, na hufungua mazungumzo kuliko kamera.

Tazama hatua hizi. Kwanza hukwangua gome la nje. Kisha hukata duara juu na chini ya shina, huchana wima, na kubandua gome la ndani likiwa zima. Papo hapo shina hufungwa kwa majani ya migomba lisikauke, ndipo gome jipya liote. Fundi anayeacha shina wazi anaua mti ambao angeuvuna miaka mingi. Gome hulainishwa kwa moto au maji moto, halafu hupigwa kwenye gogo chini ya kibanda, kwa nyundo za mti zenye mifuo: mipana kwanza, myembamba mwisho. Kivuli si cha starehe ya fundi. Juani gome lingekauka kabla halijatanuka, lipasuke. Jua huja baadaye, nguo ikianikwa siku kadhaa mpaka iwe nyekundu ya udongo.

Unaponunua, inyanyue kwenye mwanga utafute sehemu zilizopigwa nyembamba kupita kiasi. Kiraka kilichoshonwa vizuri si kasoro: hapo palikuwa na tawi. Swali la bei lije baada ya kujua ilichukua siku ngapi, si kabla. Ukiagiza kipimo chako, toa arubuni na mwandikiane. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Nyumbani, izungushie bomba la kadibodi badala ya kuikunja, wala usiifue.

SWALI: Nilinunua kinyago cha mpingo Dar es Salaam. Baada ya wiki tatu Nairobi kimepasuka kutoka kichwa hadi kifua. Je, niliuziwa mti wa bandia? Msomaji, Kasarani.

JIBU: Pole sana. Huenda ni mpingo halisi uliochongwa ukiwa mbichi. Hewa ya pwani ina unyevu kuliko yetu. Kikifika huku, nje hukauka upesi kuliko ndani, na mti hujichana. Geuza kinyago utazame kitako: kama kiini cha gogo kimo katikati, ufa ulikuwa unasubiri siku yake tu.

Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu hujulikana kwa njia nyingine. Kwangua kidogo kitakoni. Mpingo ni mweusi hadi ndani, au una ukingo wa njano iliyopauka. Tena ni mzito kiasi cha kuzama majini. Usizibe ufa sasa. Kiweke mbali na dirisha lenye jua kwa miezi kadhaa hadi ufa uache kukua, kisha ujaze vumbi la mpingo lililochanganywa na gundi. Safari ijayo, kifunge kwa nguo nzito na ukifungue kidogo kidogo kwa mwezi mzima.

SWALI: Nitapitia Nyakarambi, Rwanda, kununua imigongo, zile picha za kutundika ukutani. Nizibebeje? Msomaji, Lang'ata.

JIBU: Si kwa mfuko wa plastiki, Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008, nasi Kenya 2017. Beba leso mbili nzee. Imigongo ni samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikainuliwa kwa matuta juu ya ubao, na matuta hayo ndiyo huvunjika kwanza. Weka kadibodi katikati, usiziegemeze uso kwa uso, na kwenye basi zikae nawe mapajani, si kwenye buti. Ukutani zifute vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, kwani maji huyeyusha tuta.